Msomi na Ahesabu Kabla ya Kunena

Kwa miaka mingi maandishi mengi yalidai kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban 170,000. Hata tukikubali kwamba sensa huwakosa baadhi ya wapangaji, tofauti hiyo ni kubwa mno. Tarakimu ilirithiwa kutoka andiko hadi andiko, ilhali maji, vyoo na shule hupangwa kwa idadi ya watu.

Nawaambia wanafunzi wanaotamani usomi wa utawala wa umma na maendeleo ya kimataifa: kazi hii haikamiliki maktabani. Mwaka uo huo wa 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoroni, wakachora ramani ya mtaa wao. Je, msomi ashindwe?

Aidha, mkazi wa Kawangware anayejibu hojaji zetu ana haki ya kuletewa matokeo, kwa lugha anayoielewa. Nanyi walimu, msiipitishe tasnifu isiyorudi kwa wenyewe.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari la kubuni hupoteza zaidi.