Kiingereza cha kila siku: neno dogo linalogeuza maana

Juma hili tunaendelea na somo letu la Kiingereza.

Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wetu tunazidi kuona faida ya lugha hii. Mama anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe, Uganda, anasikilizana na wenzake sokoni kwa Kinande au Kiswahili. Lakini karatasi za duane, na mara nyingine maswali ya muuguzi, ni kwa Kiingereza.

Hapo kuna mtego. Tuseme umepeleka mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya kule, na muuguzi anauliza: “Did he throw up?” Kamusi inasema “throw” ni kutupa, “up” ni juu. Utajibu hapana, mtoto hakutupa kitu. Kumbe ameuliza kama mtoto alitapika! Akiuliza “Did he pass out?”, si kupita wala kutoka: anataka kujua kama mtoto alizimia. Jibu baya linaweza kuleta dawa isiyofaa.

Tusishangae. Hata sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na hakuna anayepigwa. Kiingereza nacho hufunga kitendo na neno dogo, na maana mpya inazaliwa.

Haya ni ya kukariri juma hili:

“Pay back” – kurudisha deni.
“Run out” – kuisha. “The sugar has run out”: sukari imeisha.
“Fill in” – kujaza karatasi.
“Hold on” – ngoja kidogo.
“It costs an arm and a leg” – hakuna anayedai mkono wala mguu wako. Kitu ni ghali mno.

Shauri letu: msiandike “throw” peke yake kwenye daftari. Andikeni “throw up” pamoja, kama neno moja, na sentensi ya nyumbani kwenu. Siku ya likelemba, kila mama aseme sentensi yake, wenzake watafute maana. Watoto wa sekondari wasaidie matamshi.

Na mbele ya muuguzi, kama hamkuelewa, msiitikie “yes” kwa sababu ya haya. Semeni: “I don't understand.” Atauliza kwa njia nyingine, hata kwa ishara. Afya ya mtoto inapita haya yetu.