Muhuri wa daktari haupimi moyo wa mchezaji

Ikiwa una mtoto katika timu ya shule, huenda umewahi kuiona ile fomu ya kuthibitisha kwamba ana afya ya kucheza. Hupelekwa kwa daktari wiki ya mashindano, ikatiwa saini, ikapigwa muhuri, na timu ikaondoka. Leo nataka nikueleze jinsi fomu hiyo inavyojazwa mara nyingi, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuijaza vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi mjini Kitale, mwalimu wa michezo wa shule moja aliniletea fomu za wachezaji wake wote. Vijana wenyewe walikuwa wameketi ndani ya basi nje ya zahanati, injini ikinguruma. "Daktari, hawa ni wazima kabisa, wanakimbia kila asubuhi," aliniambia. Nilitia saini fomu zote bila kumgusa kijana hata mmoja.

Miezi michache baadaye, mama mmoja alimleta mwanawe kwangu akihema, miguu imevimba, na hawezi kulala chali. Nilipokiweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani mwake, nilisikia mara moja mvumo wa vali iliyoharibika. Alikuwa mmoja wa wale wa basi. Kama angeketi mbele yangu kwa dakika chache siku ile, kuna uwezekano mkubwa kuwa ningeusikia mvumo huo. Kijana huyo yu hai baada ya kufanyiwa upasuaji, lakini hachezi tena. Fomu yenye saini yangu ilisema hana kasoro yoyote.

Mchezaji akianguka uwanjani bila kuguswa na mtu, wako watakaosema timu pinzani ilikuja na mganga. Wengine husema ajali haina kinga. Mara nyingi kauli zote mbili si za kweli. Moyo wa kijana husimama ghafla kwa sababu zinazojulikana, na baadhi yake huweza kugunduliwa mapema.

Sababu ya kwanza ni kasoro za kuzaliwa nazo au za kurithi. Wapenzi wa kandanda wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, Ufaransa, wakati wa nusu-fainali dhidi ya Colombia, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao kwa kawaida hutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Sababu ya pili inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Mtoto huumwa koo, pengine mafindofindo, na kwa kuwa homa hupoa baada ya siku chache, hakuna anayejali. Wiki mbili au tatu baadaye magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa zamu. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Maumivu ya viungo hupita, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu. Ikijirudia, vali huharibika zaidi. Dawa yake si ngeni: penisilini kwa koo lenye viini hivyo, na kwa aliyekwisha kuugua, sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi.

Ya tatu ni kucheza ukiwa na homa. Baadhi ya virusi vya mafua huingia katika misuli ya moyo, na mazoezi makali wakati huo ni hatari. Mwalimu anayemsifu kijana kwa kucheza fainali akiwa na joto jingi mwilini hamtakii mema.

Sasa tumtazame Nwankwo Kanu wa Nigeria. Mwaka 1996 alikuwa nahodha wa timu iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta. Muda mfupi baadaye alijiunga na Inter Milan ya Italia, na madaktari wa huko walipompima waligundua kasoro katika vali ya moyo wake. Alifanyiwa upasuaji Marekani mwaka huo huo, akarudi uwanjani, akacheza miaka mingi zaidi. Aliokolewa kwa kuwa alipimwa.

Haikuwa bahati tu kwamba aligunduliwa Italia. Tangu mwaka 1982 sheria ya nchi hiyo inataka kila mchezaji wa mashindano apimwe, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa takriban asilimia 90 kati ya 1979 na 2004.

Najua utaniuliza: tutawezaje kumpima kila mwanafunzi wa Trans Nzoia na Bungoma kwa mashine hiyo? Sidai hivyo. Gharama ni kubwa, na si kila anayesoma mchoro wa umeme wa moyo anaujua moyo wa mwanamichezo. Moyo wa mkimbiaji hupiga polepole, na mchoro wa kijana Mwafrika mwenye afya huweza kuonekana kama wa mgonjwa. Tukifanya pupa tutawazuia vijana wazima kucheza. Marekani yenyewe haiwalazimishi wanafunzi wake wote kufanyiwa kipimo hicho. Wataalamu wao wa moyo hutegemea maswali na uchunguzi wa mwili.

Hayo tunayaweza. Kijana aulizwe: Umewahi kuzirai ukikimbia? Kifua hukuuma ukifanya mazoezi? Moyo hukuenda mbio bila mpangilio? Unachoka kuliko wenzako? Umewahi kuvimba magoti kwa zamu? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Mzazi naye ajibu, kwa maana mtoto hajui habari za baba mdogo aliyeanguka shambani. Kisha daktari apime shinikizo la damu na kuusikiliza moyo, kijana akiwa amelala na akiwa amesimama. Wachache watakaotiliwa shaka ndio wapelekwe kupigwa picha ya moyo, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kazi hii ifanywe mwanzoni mwa mwaka, si asubuhi ya safari.

Hata hivyo, uchunguzi hautamgundua kila mmoja. Kwa hiyo walimu na marefa wajue la kufanya. Mchezaji aliyeanguka, haitiki na hapumui kama kawaida, asimwagiwe maji wala kupepewa. Mmoja aite gari na msaada. Mwingine akandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alikandamizwa kifua papo hapo, akashtuliwa moyo kwa mashine, na baadaye akarudi kucheza. Kila dakika inayopita bila mashine hiyo hupunguza matumaini kwa asilimia 7 hadi 10. Mashindano makubwa yanapofanyika Kitale au katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, mashine moja iwepo, na ajulikane anayeishika.

Eneo letu linajivunia michezo. Nani asiyeijua hoki ya Kamusinga na St Anthony's, au kandanda ya wasichana wa Wiyeta? Mzazi anayemnunulia mwanawe njumu, na shule inayokodi basi, hawawezi kushindwa na dakika kumi za daktari.

Nami siku hizi sitii saini fomu ya kijana ambaye hajaketi mbele yangu. Wako walimu walionikasirikia, wakaenda kutafuta muhuri kwingine. Mzazi, fomu ya mwanao ikirudi, muulize swali moja tu: Je, daktari alikusikiliza moyo? Akisema hapana, mrudishe.