Kambi Huvunjwa na Aliyeipiga

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Walakini ngoma ina mwisho wake pia, na mwisho huo aghalabu hauna mshangiliaji. Watu wamekwisha kwenda zao, taa zimezimwa, na waliosalia ni wale wa kukunja mikeka. Hao wakunja mikeka ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa sababu ya jambo lililonifika mwenyewe ufukweni Tiwi, kusini ya Mombasa, na ambalo hadi sasa halijanitoka moyoni.

Ilikuwa sikukuu ya Idd-ul-Fitr ya mwaka 2023. Mpwa wangu alishuka kutoka Nairobi pamoja na mkewe na watoto, gari lao likivuta trela la hema walilolikodi huko. Kwa msomaji asiyepata kukiona chombo hiki, ni trela dogo la magurudumu mawili. Ukikutana nalo njiani utadhani ni sanduku la mizigo. Likifika kambini hufunuliwa mfano wa kitabu, na ndani yake hutoka kitanda, hema la turubali, kipenu cha kujikinga jua, na jiko la gesi upande wa nyuma.

Kulisimamisha kuna utaratibu wake. Kwanza hutafutwa mahali tambarare, mbali na minazi, kwani nazi iangukapo haichagui kichwa. Magurudumu hutiwa kabari kabla trela halijaachanishwa na gari, si baada ya hapo. Kisha huteremshwa miguu ya pembeni, hutazamwa kwa pima-maji kama limekaa sawa, ndipo turubali hufunuliwa, nguzo zikasimamishwa na kamba zikavutwa. Mchangani kigingi kifupi hakishiki. Bora ujaze mfuko mchanga, uufunge kamba, uufukie. Na mlango usiuelekeze upande unaotoka upepo.

Siku hiyo kila mtu alishika kamba. Watoto waligombania nyundo. Mimi niliona kosa moja tu, kwamba trela lilikuwa karibu mno na maji. Nikamwambia mpwa wangu, "Mwanangu, Idd hufuata mwandamo wa mwezi, na mwezi ukiandama bahari huwa katika bamvua. Sogea juu." Akasogea. Usiku maji yalijaa hadi pale tulipokuwa tumekusudia kulala, nami nikajiona mjuzi kweli kweli.

Tulikaa siku mbili za raha. Usiku wa kuamkia Jumapili ikanyesha mvua, na asubuhi ikawa ni kuvunja kambi. Ajabu ni kuwa sasa hapakuwa na mtu wa kushika kamba. Watoto waliingia garini na simu zao, mama yao alikuwa amechoka, na baba yao akamwita kijana mmoja wa kijijini aliyekuwa akiuza madafu. Wakapatana shilingi 1,000, nusu papo hapo, nusu kutumwa kwa simu jioni.

Kijana yule hakuwa na pupa. Alianza kwa kufagia ndani, kwani mchanga ukikunjwa pamoja na turubali hulikwaruza na kuziharibu zipu. Alifunga gesi. Aling'oa vigingi akivihesabu, akafuta nguzo moja moja, na mashimo yote akayafukia. Kisha akaligusa turubali kwa kiganja, akanigeukia.

"Mzee, hili bado bichi. Tukilikunja hivi litaota kuvu. Tungoje jua mpaka saa tano."

Mpwa wangu akatazama saa. Alitaka kukiwahi kivuko cha Likoni kabla ya msongamano. "Likunje tu," akasema.

Kijana akanitazama mimi niliye mkubwa wa wote pale. Nami nikatazama bahari.

Trela lilikaa uani kwa mpwa wangu siku tisa kabla ya kurejeshwa. Mwenyewe alipolifunua, turubali lilikuwa na madoa meusi pande zote, na pesa za amana zikazuiliwa. Mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, yule kijana ametuharibia. Ile nusu yake simpi."

Mimi niliyesikia kwa masikio yangu mawili nikajibu, "Haya."

Sasa nauliza: tumepataje tabia hii ya kusherehekea kupiga kambi na kuona haya kuivunja? Watu wa pwani si wageni wa kazi hiyo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipiga kambi kila jioni na kuivunja kila alfajiri. Kulikuwa na kirangozi wa kuongoza njia, kulikuwa na wanyapara, na kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, aghalabu wa kama kilo 30. Burton, Speke na Stanley waliandika vitabu vyao, lakini hema walizolalia zilikunjwa na mikono ya watu wa akina Sidi Mubarak Bombay. Yaonekana sisi wajukuu tumerithi starehe ya aliyelala hemani, na kazi ya aliyelikunja tumemwachia muuza madafu.

Chuoni tulisomea ubao. Somo likiisha, kila mtoto aliuosha ubao wake mwenyewe, na mwalimu hakukubali umtume mwenzio, hata kama baba yako ndiye tajiri wa mtaa. Ubao wenye wino wa jana hauandikiki somo la leo. Kambi nayo ni hivyo hivyo: unapoivunja unaitengeneza safari ijayo. Turubali likunjwe kavu. Na kama mvua haikukupa nafasi, ulifunue tena ufikapo nyumbani, siku hiyo hiyo, ulianike. Mizigo mizito iwekwe juu ya ekseli, na kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wote uegemee gari. Uzito ukikaa nyuma, trela huyumba barabarani na huweza kuua.

Tena kuna haki ya mahali penyewe. Kasa hutaga katika fukwe za Tiwi na Diani, na kitoto cha kasa kikitumbukia katika shimo lililoachwa wazi huenda kisiyafikie maji. Plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku fukweni tangu Juni 2020, lakini sheria haina mikono ya kuokota chupa. Mikono ni yako wewe uliyekuja nayo.

Rai yangu ni hii. Mzazi apelekaye watoto kambini amgawie kila mmoja mzigo wake tangu siku ya kwanza: huyu vigingi, huyu kamba, huyu taka, na mzigo alioushusha ndio atakaoupandisha. Walimu wa maskauti nao wasiwapime vijana kwa wepesi wa kusimamisha hema peke yake. Na ukimwajiri mtu akusaidie, umsikilize, kwani umeajiri ujuzi wake pamoja na mikono yake. Usipomsikiliza, hasara ni yako, usimkate ujira.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwezi uliofuata nilirudi Tiwi, nikamtafuta kijana yule hadi nikampata, nikamkabidhi shilingi 500 zake na kumwomba radhi. Alizipokea kwa adabu, akazitia mfukoni.

"Ahsante, Mzee," akasema. "Lakini siku ile ungalinena."

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu nimempigia simu kabla ya kuyaandika haya, nikamweleza kuwa kosa lilikuwa letu sisi wawili. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza jina la yule kijana. Hapo ndipo tulipogundua kwamba siku zote zile hakuna kati yetu aliyemuuliza.