Nishaiona Hiyo

Neno linaloua filamu na vitabu katika mji huu halikutoka kwa mkaguzi yeyote wa serikali. Tumelitunga wenyewe na tunalitamka kila siku bila aibu: "Nishaiona hiyo." Likishatamkwa, mjadala umefungwa. Wasomaji wa riwaya, ambao hujiona wastaarabu kuliko watazamaji wa muvi, nao wana lao: "Usinimalizie uhondo." Yote mawili yanasema jambo moja, kwamba hadithi ni kitendawili, na ukishapewa jibu kinachobaki ni kapi la muwa.

Nasema huo ni uongo. Tena ni uongo wenye gharama, maana ndio unaofuta filamu zetu huku sote tukiangalia.

Shahidi wangu ni Alfred Hitchcock. Alizaliwa London mwaka 1899, mtoto wa muuza mboga. Angekuwa wa hapa, baba yake angekuwa na kizimba sokoni Kariakoo. Alifariki mwaka 1980 akiwa ameongoza filamu zaidi ya hamsini, na bidhaa yake kuu ilikuwa taharuki. Kama kweli filamu ya taharuki hufa siku unapoujua mwisho wake, basi za huyu zilipaswa kufa kabla ya za mtu mwingine yeyote. Lakini mwaka 2005 studio ya Universal ilitoa sanduku la DVD lenye filamu zake kumi na nne, na mwaka 2012 ikatoa jingine la Blu-ray lenye kumi na tano. Hebu jiulizeni: nani ananunua sanduku la filamu ambazo miisho yake inajulikana dunia nzima? Nani anaweka sebuleni *Psycho* ya 1960, wakati hata asiyewahi kuiona ameshasikia habari za yule dada na bafu?

Ananunua mtu anayejua kwamba mwisho si mali. Mali ni njia ya kufikia huo mwisho.

Sasa twende Kariakoo. Ukipita Mtaa wa Aggrey, ukakata kuelekea Msimbazi, utakuta vijana wenye kompyuta moja, spika mbili na msururu wa watu wenye flashi mikononi. Hawa ndio wakutubi wetu wa filamu, na nasema hivyo bila kejeli. Kabla yao walikuwepo wauza DVD za "ishirini kwa moja", na kabla ya hao kulikuwa na maduka ya kukodisha kanda za VHS. Majumba ya sinema ya katikati ya mji, kina Avalon, Empire, Odeon na New Chox, yalishazima taa zao. Televisheni yenyewe Tanzania Bara imeanza mwaka 1994. Kwa hiyo kwa watu wa rika langu shule ya filamu ilikuwa kanda, kisha diski, kisha flashi, na zote tulizipata mitaa hii hii.

Lakini tazameni jinsi maktaba hiyo inavyopangwa. Inapangwa kwa sura. Kuna folda ya Van Damme, ya Jackie Chan, ya Shah Rukh Khan, ya Kanumba. Jina la aliyeiongoza filamu halipo popote. Yaani ni sawa na kuingia duka la vitabu ukakuta riwaya zimepangwa kwa majina ya wahusika: Bwana Msa rafu hii, Willy Gamba rafu ile, na Mohamed Said Abdulla na Elvis Musiba hawajulikani kama waliwahi kuishi. Nilipoulizia Hitchcock nilipewa *The Birds* peke yake, ikiwa imechomekwa kati ya muvi za nyoka na za mamba, kwa sababu ina ndege wanaoshambulia watu. Siku nilipopeleka flashi yangu nikiwa nayo humo, kijana akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, hii si ushaiona? Nikufutie nikuwekee mpya."

Hakuwa na nia mbaya. Nafasi ni ndogo, na kwa hesabu yake ya kibiashara muvi iliyoonwa ni uchafu unaoziba nafasi. Lakini hesabu hiyo ndiyo ninayoipinga, maana sisi wasomi wa blogu na semina tunaifuata vilevile, ila sisi tunaipamba.

Tuanze na nadharia yenyewe. Katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji Mfaransa François Truffaut, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966, Hitchcock alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, ghafla bomu linalipuka: hapo mtazamaji ameshtuka kwa sekunde chache tu. Lakini mwoneshe kwanza bomu chini ya meza, mwoneshe na saa ukutani, kisha waache wale watu waendelee na soga zao za mpira. Sasa yeye anataka kuwapigia kelele waondoke. Soga ile ile, meza ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji *anajua*. Taharuki hutoka katika kujua.

Na hakuishia kusema, alitenda. *Vertigo* ya 1958 ilitokana na riwaya ya Kifaransa ya Boileau na Narcejac iliyotoka mwaka 1954. Riwaya inaficha siri ya yule mwanamke mpaka mwisho. Hitchcock aliitoa siri hiyo nje ikiwa imebaki kama nusu saa nzima. Alimmalizia mtazamaji uhondo kwa makusudi! Na kuanzia hapo filamu ndiyo inakuwa nzito, kwa sababu hatuulizi tena "huyu ni nani?" bali "huyu mwanamume akijua, itakuwaje?" Swali la kwanza lina jibu moja, na ukilipata limekwisha. La pili unaweza kukaa nalo miaka.

Au chukueni *Rear Window* ya 1954. Mpiga picha aliyevunjika mguu anachungulia madirisha ya majirani, na anashuku kwamba mmoja wao ameua mke wake. Mchumba wake anaingia kwenye nyumba ya mtuhumiwa kutafuta ushahidi. Tunamwona mtuhumiwa anarudi, yupo koridoni. Tunamwona. Mchumba hamwoni. Aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile ya vyumba sita na uani kwa pamoja, hahitaji kuelezwa sinema hiyo. Uani kila mtu anajua siri ya chumba cha tatu isipokuwa mwenye chumba cha tatu. Kila akipita na ndoo yake ya maji, watu wote kimya. Hapo hakuna aliyeshtuka, lakini nani anaweza kuondoka?

Tena si jambo la kuletewa kutoka nje. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake Muhamadi Kijumwa aliuandika mwaka 1913, anakufa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Kila mtu wa pwani alijua hivyo kabla ubeti wa kwanza haujaghaniwa. Anapokwenda kufia kisimani, amepiga goti na upinde umevutwa, watu wa mji wanamwogopa maiti kwa sababu wanadhani ni mzima. Sisi tunajua, wao hawajui. Hitchcock angeinunua sehemu hiyo bila kupunguziwa bei. Na watoto waliokaa miguuni kwa bibi, "Paukwa!" "Pakawa!", waliomba hadithi ya jana, si mpya. Bibi akiruka kipande, walimkosoa.

Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaowadharau watafsiri wa muvi. Tangu enzi za Lufufu, aliyewatangulia wengi katika kazi hii hapa Tanzania, msemaji anakaa juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi na kutusimulia kwa Kiswahili. Wasomi wanalalamika: anaropoka, anatangulia mbele ya hadithi, anatuonesha jambazi kabla hajajulikana. Sawa. Lakini msemaji anayekunong'oneza kwamba huyu mwenye shati jeupe si mtu mzuri, halafu akakuacha umtazame akikaribishwa chai, amefanya nini? Amekuonesha bomu chini ya meza. Banda zima linaanza kumpigia kelele mwenye nyumba. Hilo ndilo tukio ambalo Hitchcock alilitafuta kwa mamilioni ya dola.

Sisemi wana haki kwa kila kitu. Msemaji asiyejua kunyamaza angeiua *The Birds*, filamu isiyo na muziki wa kawaida, inayotegemea ukimya na sauti za mabawa. Hilo ni kosa la sikio. Kosa la kutoa siri mapema, mimi silioni.

Najua mtakachonijibu. Mtasema Hitchcock huyo huyo alikataza watu kuingia *Psycho* ikiwa imeshaanza, na akawaomba wasiwasimulie wenzao mwisho. Ni kweli. Alikuwa mfanyabiashara hodari, na pale alikuwa na mshtuko wa kuuza. Lakini itazameni tena. Baada ya tukio la bafuni, mpelelezi anapanda ngazi za nyumba ile. Sisi tunajua kwamba humo ndani kuna kisu. Ngazi zile zinatisha kwa sababu tunajua, na mara ya tatu zinatisha zaidi, kwa kuwa sasa tunajua ni mkono wa nani. Hata filamu aliyoifungia mlango haikumwishia mikononi.

Mtasema pia natetea uharamia. Hapana. Msanii anayeibiwa ameibiwa, na wizi wa kazi za Bongo Movie umewafilisi watu tunaowajua kwa sura. Lakini msijifiche nyuma ya hakimiliki. Kulinda haki ni kitu kimoja, kutunza ni kingine. Filamu tano za Hitchcock mwenyewe, *Vertigo* na *Rear Window* zikiwemo, zilikaa miaka mingi bila kuoneshwa kokote, haki zake zikiwa mikononi mwake, mpaka ziliporudi kumbini mwaka 1983 na 1984, yeye akiwa ameshafariki. Zilirudi kwa sababu nakala zilikuwepo, mtu alikuwa amezitunza. Mwaka 2012 jarida la Uingereza la *Sight and Sound* lilipowauliza wahakiki, *Vertigo* ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza duniani. Mwaka 1958 ilipokelewa kwa baridi. Laiti kungekuwa na kijana wa Aggrey enzi hizo, angeshaifuta.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Ya Hitchcock iko salama, haihitaji huruma yangu. Yetu je? Nimezunguka nikiulizia *Girlfriend* ya George Tyson, ya mwaka 2003. Nimeulizia *Shumileta* na *Nsyuka* za Mussa Banzi, zilizotutia woga wa kwenda chooni usiku. Nilijibiwa kwa kicheko: "Hizo za zamani, nani anaziangalia?" Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na mji huu ukasimama kumzika. Leo nikitaka kukaa na filamu zake kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, nione alivyokua, naokoteza vipande vya mtandaoni vyenye ukungu na nusu ya sauti. Sehemu ya kwanza ipo, sehemu ya pili haipo. Tulizoea kuuziwa hadithi moja kwa diski mbili. Sasa tumebaki na nusu ya hadithi.

Hiyo ndiyo gharama ya "nishaiona". Mwongozaji asiye na mkusanyo hana historia, na asiye na historia hana wanafunzi. Kijana anayetaka kutengeneza filamu ya taharuki Dar leo ataanza upya kama vile hakuna aliyemtangulia.

Waandishi nao wamo. Riwaya za mitandaoni zinazouzwa kwa vipande kwenye WhatsApp zinaishi kwa "itaendelea" peke yake: mlango unagongwa, simu inaita, damu sakafuni, lipia sehemu ya arobaini na saba. Huo ni mshtuko juu ya mshtuko, na ndiyo maana ukimaliza huikumbuki. Rudini kwa Faraji Katalambula. *Simu ya Kifo* ilitoka mwaka 1965 na inasomeka tena. Rudini kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, mwaka ule ule wa *Psycho*. Ukishamjua muuaji, ndipo unapoanza kuona jinsi Bwana Msa alivyokuwa anatazama.

Kwa hiyo ninyi mnaonisoma, mnaojua tofauti ya riwaya na novela lakini hamna hata filamu moja ya Kitanzania mliyoitunza nyumbani, naomba mfanye kazi. Kama mna diski za zamani chini ya kitanda, zisafisheni, zinakilini, andikeni majina ya waongozaji juu yake. Chuo chenye idara ya sanaa na kisicho na kabati la Bongo Movie kiambiwe kwamba ni aibu. Mwenye kampuni aliyekalia kanda asilia azitoe, kwa sanduku, kwa bei halali. Mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Na ukifika Kariakoo na flashi yako, kijana akikuuliza kama akufutie uliyokwisha kuiona, mwambie aiache hapo hapo, na ununue flashi nyingine.