Bharata si Kivuli cha Eliot

Imekuwa desturi ya baadhi ya walimu wa fasihi ya Kiingereza kumpa Bharata sifa ambayo kwa hakika ni tusi. Husema kwamba mtungaji huyo wa Natyashastra, kitabu kikongwe cha Kihindi juu ya tamthilia, alimtangulia T. S. Eliot. Katika insha yake ya mwaka 1919 juu ya Hamlet, Eliot alidai kwamba msanii hana njia ya kuonyesha hisia ila kutafuta vitu, hali au matukio yatakayoiamsha hisia ile ile. Bharata naye alifundisha kwamba rasa, yaani ladha ya sanaa, huzaliwa na mchanganyiko wa visababishi, dalili na hali zipitazo. Basi, wasema, ni jambo moja.

Si jambo moja. Kanuni ya Eliot husimama juu ya visababishi tu. Dalili na hali zipitazo hazina nafasi ndani yake. Tena Eliot humchungulia mtunzi, kama amepata cha kubebea hisia zake. Wahindi humtazama mtazamaji. Abhinavagupta, aliyemfasiri Bharata huko Kashmir yapata mwaka 1000, alieleza kwamba hofu ya jukwaani si ya mchezaji wala ya mtu yeyote kwa nafsi yake. Imevuliwa mwenyewe, na kwa hiyo huonjwa kwa raha, kama chakula kilichoungwa vizuri. Mfano huo wa chakula ni wa Bharata mwenyewe.

Eliot aliihukumu Hamlet kuwa imeshindwa, kwa kuwa hisia za mwana wa mfalme zazidi mambo yaliyompata. Lakini katika hali 33 zipitazo alizozihesabu Bharata zimo shaka, fikira nzito, kukata tamaa na wazimu. Kile Eliot alichokiita kasoro, hapa ni viungo vya chungu. Ni kweli kwamba nadharia ya Kihindi nayo ingetaabika kutaja ladha iliyo kuu katika tamthilia hiyo. Walakini hiyo ni taabu yenye faida.

Wala haisaidii kukumbusha kwamba Eliot alisoma Kisanskriti huko Harvard. Masomo aliyoyataja mwenyewe mwaka 1934 yalikuwa lugha hiyo na falsafa ya Patanjali, si elimu ya ushairi.

Afadhali mizani igeuzwe. The Waste Land, la mwaka 1922, humalizika kwa neno la amani kutoka Upanishad, likitajwa mara tatu. Anandavardhana, katika karne ya 9, aliona kuwa ladha kuu ya Mahabharata ni amani, ionjwayo baada ya maangamizi ya koo nzima. Lakini huyo huyo alishikilia kwamba ladha haizaliwi kwa kutajwa jina lake, hudokezwa. Eliot ameitaja. Je, katika magofu yale ya London, ameidokeza wapi?