Mbuzi hukaguliwa meno, wakala naye akaguliwe

Mfanyabiashara wa mbuzi anayeijua kazi yake hanunui kwa kutazama tu. Akifika mnadani, iwe ni Arua au Koboko, humshika mnyama taya, humfungua mdomo na kuhesabu meno. Meno mawili makubwa ya mbele yanamwambia kwamba mbuzi amevuka mwaka mmoja. Yakiwa manane, anajua mnyama amekomaa na uzee uko njiani. Kisha hupapasa uti wa mgongo, hutazama macho na pua, huinua mkia kuona kama anaharisha. Kazi yote hiyo ni kwa mbuzi mmoja, naye bado atabishana bei.

Jioni ya siku hiyo, mtu huyohuyo anaweza kumkabidhi mbuzi 40 na fedha taslimu kijana aliyekutana naye kwenye kibanda cha chai, kwa sababu tu kijana amesema anawajua watu wa Kaya. Hamuulizi leseni. Hamuulizi amevusha mizigo ya nani mwezi uliopita. Hamuulizi mbuzi akifa njiani hasara ni ya nani. Waswahili huonya juu ya kununua mbuzi kwenye gunia. Hapa mbuzi amekaguliwa vizuri, ila wakala ndiye aliyenunuliwa akiwa ndani ya gunia.

Kosa hili halina udhuru katika eneo lenye nafasi kubwa ya biashara kama West Nile. Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Karibu na Oraba, pale Salia Musala, nchi tatu zinakutana. Wakakwa wako katika nchi zote tatu, na Walugbara wako Uganda na Kongo, hivyo mteja wa ng'ambo mara nyingi ni ndugu. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Leo nchi zote tatu zimo ndani ya Jumuiya moja, lakini mbuzi bado anahitaji karatasi ili avuke, na anayezishughulikia karatasi hizo ndiye anayeamua kama safari italeta faida au kilio.

Wengi hudhani wakala akikosea, wakala ndiye atakayeshtakiwa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika upande wa Uganda, inamhesabu wakala aliyeidhinishwa kuwa kama mwenye mzigo, na kifungu cha 147 kinamfanya awajibike kwa ushuru. Kifungu kinachofuata, cha 148, kinamrudia mwenye mali: kile alichokifanya wakala wake kwa niaba yake kinahesabiwa kuwa amekifanya yeye. Wakala akiandika mbuzi 25 wakati garini wamo 40, mbele ya afisa wa forodha ni mwenye mbuzi aliyedanganya. Kumchagua wakala, kwa hiyo, ni kumpa mtu mwingine kalamu aandike kwa jina lako.

Kwanza ni lazima kutofautisha kazi tatu ambazo mpakani huchanganywa na kuwa moja. Dalali wa mnadani anajua nani anauza, bei ya leo ni ipi na mnyama yupi ana kasoro. Mwongozaji anajua njia, lugha na watu wa upande wa pili. Wakala wa forodha ana leseni ya kuwasilisha nyaraka. Wote watatu wana haki ya ujira wao, na mara nyingine dalali mzuri ana thamani kuliko ofisi yenye kiyoyozi. Hatari inaanza pale dalali anapojigeuza wakala, au mwongozaji anaposema hakuna haja ya karatasi kwa kuwa anaijua njia ya panya. Anayempitisha mtu njia ya panya hamhurumii. Anamtoa mahali penye risiti na kumpeleka mahali ambapo kila anayemkuta ana haki ya kujitajia bei.

Swali la kwanza kwa wakala liwe leseni. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, hutoa leseni kwa mawakala wa forodha na kuzihuisha kila mwaka, na orodha yao hutangazwa. Leseni ya mwaka juzi iliyobandikwa ukutani ni pambo tu. Swali la pili liwe malipo. Kodi ya URA hulipwa benki au kwa simu kwa kutumia nambari ya malipo, ile inayoitwa PRN. Mfanyabiashara anaweza kuipokea nambari hiyo na kulipa mwenyewe. Wakala anayesisitiza kodi ipitie mfukoni mwake anapaswa kuulizwa sababu, na jibu lake lisikilizwe kwa makini.

Swali la tatu ni la mifugo yenyewe, na hapa ndipo wajanja wengi huteleza. Mbuzi anayesafirishwa Uganda huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1 inayothibitisha kwamba ni mali halali. Kisha hufuata kibali cha kusafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na akivuka mpaka huhitaji cheti cha afya cha kimataifa kinachotolewa na Wizara ya Kilimo na Mifugo. Wakala wa kweli huzitaja karatasi hizi kwa mpangilio wake bila kuulizwa mara mbili. Pia anajua kama kuna karantini. Homa ya miguu na midomo inapozuka, wilaya hufungwa, na kibali cha jana kinakuwa hakina kazi leo. Kwa mbuzi kuna tishio lingine, sotoka ya mbuzi na kondoo, inayosambaa haraka pale wanyama wanapobanana ndani ya gari. Wakala anayesema cheti cha afya kinanunuliwa bila daktari kumwona mnyama anauza hasara ya zizi zima, na pengine ya kijiji kizima upande wa pili.

Swali la nne ni ushahidi wa watu. Watajwe wafanyabiashara wawili au watatu aliovusha mizigo yao karibuni, na wapigiwe simu na mwenye mbuzi mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Waulizwe jambo moja hasa: mambo yalipoharibika, wakala alikuwa wapi? Mzigo uliopita salama haumpimi mtu. Anapimwa na siku ambayo gari liliharibika njiani, au afisa alipokataa karatasi.

La mwisho ni maandishi. Hata ukurasa mmoja wa daftari unatosha, wenye idadi ya mbuzi, ujira wa wakala, kodi na ada zinazojulikana, nani atawapokea upande wa pili, na hasara ya mbuzi atakayekufa itakuwa ya nani. Sehemu ya ujira itolewe mwanzo na iliyobaki itolewe mzigo ukishafika. Anayetaka vyote kabla ya gari kuwashwa ameshasema mengi juu yake mwenyewe.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya watu wa mezani. Mbuzi hawasubiri. Kila siku wanayolala mpakani wanakunywa maji ya kununua, wanapungua uzito, na mnunuzi wa Yei au Ariwara anaangalia saa. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini maswali haya hayaulizwi mpakani. Yanaulizwa Arua, siku mbili kabla ya kwenda mnadani, wakati mbuzi bado ni wa mtu mwingine na fedha bado ziko kwapani. Anayetafuta wakala huku mbuzi wakilia garini ameshapoteza nafasi ya kuchagua. Atamchukua aliyesimama karibu.

Ipo pia habari ambayo mawakala wengi hawana haraka ya kuitangaza. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa ni wa asili ya Jumuiya na umo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hujaziwa cheti rahisi cha uasili hapo mpakani, na mwenye mzigo halazimiki kutumia wakala. Kwa mama anayevusha mbuzi wachache, tofauti hiyo ni faida ya safari nzima. Cheti hicho hakiondoi kibali cha daktari wa mifugo wala taratibu za uhamiaji, na ni busara kumuuliza afisa wa forodha kabla ya safari kama bidhaa husika imo katika orodha na kama upande wa pili utakipokea. Kuuliza hakugharimu kitu. Kutouliza kumewalisha madalali wengi.

Lawama haiwezi kubaki kwa mfanyabiashara peke yake. Serikali zinazozungumza soko moja kila kikao zinaweza kufanya jambo dogo sana Oraba na Vurra: kusimamisha ubao mkubwa wenye majina ya mawakala wenye leseni ya mwaka huo, ada halali za kila karatasi, na taarifa ya karantini iliyopo. Uandikwe kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Kilingala, kisha usasishwe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya tangu mwaka 2021, na hakuna mahali panapokihitaji kuliko mpakani, ambako mtu hutiwa saini karatasi asiyoweza kuisoma. Vyama vya wafanyabiashara navyo viweke daftari la mawakala waliowatendea wanachama haki na waliowakimbia. Mji mdogo una kumbukumbu nzuri, ila kumbukumbu isiyoandikwa huzikwa na mwenyewe.

Ubao huo ukichelewa, mbuzi hawataacha kuuzwa. Mnada utakuja wiki ijayo, magari yatapakia, na vijana watasimama kwenye vibanda vya chai wakisema wanawajua watu. Baadhi yao wanawajua kweli, na wanastahili kupewa kazi. Mwenye mtaji anayo mikono ileile iliyofungua mdomo wa mbuzi asubuhi. Aitumie tena jioni kuifungua leseni ya wakala na kuisoma tarehe.