KAZI ZA MIKONO: Waya Mmoja Ukichomoka

Juma hili tunatengeneza ubao wa kuchezea michezo ya kompyuta, wenye kijiti na vitufe, mfano wa zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mchezo wa Pac-Man, uliotoka Japani mwaka 1980, ulitaka kijiti kimoja tu. Sisi tutafunga kijiti 1 na vitufe 6.

Tafuta kipande cha plaiwudi, kijiti, vitufe, nyaya nyembamba, na kadi ndogo ya USB yenye tundu la waya wa pamoja lililoandikwa GND. Kadi ndiyo inayoiarifu kompyuta ni kitufe gani kimebonyezwa. Hapa hatugusi umeme wa ukutani. USB hutoa volti 5 tu. Hata hivyo, chomoa kwanza, ndipo ushike nyaya.

Kabla ya kutoboa, pima vitufe vyako. Vingine hutaka tundu la milimita 28, vingine 30.

Sasa pindua ubao. Kila kitufe kina swichi ndogo 1, na kijiti kina 4. Jumla ni 10. Tazama ndimi za swichi: COM, NO na NC. Waya wa pamoja hutoka GND, huingia COM ya swichi ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ya kumi. Anza na zile za kijiti. Halafu kila NO ipate waya wake wenyewe wa kwenda kwenye kadi. NC iache. Ukiifunga hiyo, kompyuta itadhani kitufe kimebonyezwa wakati hakijaguswa.

Kijiti nacho huwakosesha wengi. Ukikisukuma mbele, mkia wake chini ya ubao huenda nyuma, ukabonyeza swichi ya nyuma. Basi waya wa "juu" ufunge kwenye swichi ya nyuma, na wa "kushoto" kwenye ile ya kulia.

Nitakuambia yaliyonipata. Nilipofunga ubao wangu wa kwanza pamoja na mwanangu, kijiti kilifanya kazi na vitufe viwili pia, lakini vinne vilikuwa kimya. Nilimkaripia mtoto kwamba ameunguza kadi, nikatoa fedha za kununua nyingine. Yeye hakujibu. Aliinama, akavuta waya mmoja mmoja kwa vidole. Kumbe waya wa pamoja ulioingia kitufe cha tatu ulikuwa umechomoka, na vyote vilivyofuata vikakosa njia. Kadi ilikuwa nzima. Fedha nikazirudisha mfukoni, na mtoto nikamwomba radhi mbele ya mama yake.

Basi shika hili. Kitufe kimoja kikifa peke yake, tazama nyaya zake. Vikifa kadhaa kwa mfululizo, tazama waya wa pamoja kati ya kile cha mwisho kilicho kizima na cha kwanza kilichokufa. Na ukitaka usalama zaidi, toka swichi ya kumi rudisha waya mwingine mpaka GND. Hapo ukikatika mahali pamoja, njia ya pili ipo.

Jaribu kila kitufe kabla ya kufunika ubao. Na kagua nyaya kabla ya kumkaripia mtu. Kwaheri hadi juma lijalo.